Shirley Temple: Mtoto wa Sinema Aliyekuja Kuwa Balozi



Wapendwa Taifa la Mungu, katika tafakari zetu za kila juma tumezoea kuyatazama maisha ya watakatifu na mashahidi wa imani. Juma hili napenda tumtazame mtu ambaye Kanisa halijamweka katika orodha hiyo, lakini historia yake inawagusa wazazi, walezi wa Utoto Mtakatifu, walimu wa kwaya za watoto, na kila mtu aliyepata kusifiwa angali mdogo. Mtu huyo ni Shirley Temple, Mmarekani aliyezaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928, na kufariki tarehe 10 Februari 2014 akiwa na umri wa miaka 85. Wazee wetu waliobahatika kuona sinema za zamani wanamkumbuka kama kitoto chenye nywele za mawimbi kilichoimba na kucheza. Wachache wanajua kwamba mtoto huyo alikuja kuwa balozi wa nchi yake mara mbili, mojawapo hapa hapa barani Afrika.

Swali linalotuongoza ni hili: kipaji cha mtoto ni mali ya nani? Je, ni cha mzazi aliyemzaa, cha mwenye fedha anayekiuza, cha watazamaji wanaoburudika, au ni amana ya Mungu aliyokabidhiwa mtoto mwenyewe?

Mtoto katika nyakati za dhiki

Shirley alianza kuigiza akiwa na umri wa takribani miaka 3, mara baada ya kupelekwa na mama yake, Gertrude, katika shule ya kucheza dansi mjini Los Angeles. Filamu zake za kwanza zilikuwa fupi fupi, ambamo watoto wachanga waliovishwa nepi waliigiza mambo ya watu wazima. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, Child Star, kilichotoka mwaka 1988, anasimulia kwamba mtoto aliyekuwa mtundu alifungiwa ndani ya sanduku jeusi lenye pande la barafu, akae humo mpaka atulie. Tuliweke jambo hilo moyoni tunaposikia habari za utukufu uliofuata.

Mwaka 1934 jina lake lilienea kote. Marekani ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka uliotangulia takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na ajira. Watu waliokata tamaa waliingia katika majumba ya sinema kwa senti chache, wakamwona mtoto mchangamfu anayewaambia kwa nyimbo kwamba kesho ipo. Mapema mwaka 1935 alipewa tuzo maalumu ya Oscar ya watoto, ya kwanza ya aina yake. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, hakuna mwigizaji wa Marekani, mtu mzima wala mtoto, aliyevuta watazamaji wengi kuliko yeye. Wanasesere wenye sura yake waliuzwa kila mahali.

Miongoni mwa filamu za mwaka 1934 ipo moja iitwayo Little Miss Marker, ambamo anaigiza kama mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa ajili ya deni la kamari. Hadithi ile ilikuwa ya kubuni, lakini, kama tutakavyoona, ilikaribia sana ukweli.

Nyuma ya pazia

Kila jioni mama yake alizisokota nywele za mwanawe katika mafungu 56, wala hayakupungua wala kuzidi, ili kesho yake afanane na picha iliyokuwa ikiuzwa. Studio, kwa kuafikiana na mama, ilimpunguzia umri mwaka mmoja ili aonekane wa ajabu zaidi. Shirley mwenyewe alikuja kuambiwa ukweli siku alipodhani anatimiza miaka 12, kumbe anatimiza 13. Fikirini, wapendwa: mtoto kuibiwa hata siku yake ya kuzaliwa!

Uongo huo mdogo nusura uzae msiba. Shirley anasimulia kwamba mwezi Desemba 1939, alipokuwa akiimba katika kipindi cha redio, mwanamke mmoja aliinuka na kumwelekezea bastola. Mwanamke huyo alikuwa amefiwa na mtoto wake siku ile ile iliyotangazwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Shirley, akaamini kwamba roho ya mwanawe iliibwa. Polisi walimwahi. Tarehe iliyomsukuma mama yule kushika silaha haikuwa hata ya kweli.

Huko Ulaya nako kulienea uvumi kwamba Shirley hakuwa mtoto, bali mtu mzima mfupi wa umri wa miaka 30. Katika kitabu chake anaeleza kwamba hata Vatikano ilimtuma padre kwenda kuhakikisha. Tunaweza kutabasamu, lakini uvumi ule ulikuwa na maana yake: watu walikwisha kuhisi kwamba mtoto wa kawaida hafanyishwi kazi namna ile.

Kuna Mkatoliki mmoja aliyelisema jambo hili kwa ukali. Mwandishi Graham Greene wa Uingereza, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1926, aliandika mwaka 1937 katika gazeti la Night and Day kwamba filamu mojawapo ya Shirley ilimwonyesha mtoto huyo kwa namna ya kuamsha tamaa za wanaume watu wazima. Studio ilimshtaki. Mwezi Machi 1938 mahakama ya London iliamuru walipwe pauni 3,500. Wakati huo Greene alikuwa Meksiko, akitazama mateso ya Kanisa nchini humo, na safari hiyo ikazaa riwaya yake The Power and the Glory ya mwaka 1940, inayomhusu padre mdhaifu anayewindwa na serikali. Mahakama ilimhukumu kwa maneno yake, na yalikuwa maneno makali mno kumhusu mtoto asiye na hatia. Hata hivyo swali alilouliza halikufa pamoja na kesi ile: tunapomweka mtoto jukwaani, tunamwonyesha kwa ajili ya nani?

Jambo la kutuuma sisi Waafrika

Haitakuwa haki nikilipita suala hili. Katika filamu The Little Colonel ya mwaka 1935 Shirley alicheza dansi ya kupanda ngazi akiongozana na Bill Robinson, mchezaji hodari Mmarekani mweusi. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa sinema ya Hollywood kuonyesha watu wa rangi mbili wakicheza dansi pamoja hivyo. Katika majimbo ya kusini, sehemu waliyoshikana mikono ilikatwa. Shirley alimpenda mzee huyo na kumwita mjomba. Aliona kwake mwalimu aliyemheshimu kama mwenzake wa kazi.

Lakini katika filamu zile zile Robinson aliigiza kama mtumishi, na The Littlest Rebel ya mwaka huo huo iliwaonyesha watumwa kana kwamba waliridhika na utumwa wao. Mtoto hakuitunga hadithi; watu wazima waliitunga na kuitia mdomoni mwake. Ndiyo hatari ya kumtumia asiye na uwezo wa kukataa: husema kwa uso safi yale ambayo moyo wake haujayapima.

Fedha zilizotoweka

Mwaka 1940 filamu yake The Blue Bird haikupata watazamaji, na mkataba wake na studio ukafikia mwisho. Alipelekwa shule ya wasichana, akaanza kujifunza maisha ya watu wa kawaida. Mwaka 1945, akiwa na miaka 17, aliolewa. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1949. Mwishoni mwa mwaka 1950 aliolewa na Charles Black, akaishi naye mpaka mume huyo alipofariki mwaka 2005. Mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa tunayajua, na si kazi ya tafakari hii kumhukumu marehemu.

Alipoacha sinema mwaka 1950 alitazama hesabu zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amechuma takribani dola milioni 3.2 tangu utotoni. Zilizobaki zilikuwa kama dola 44,000. Nyingine zilikuwa zimetumika kuwatunza ndugu na watumishi, au zimepotea katika uwekezaji mbaya. Na zile ambazo baba yake, aliyekuwa mtu wa benki, alipaswa kuziweka katika amana hakuziweka. Haya yalitokea ingawa jimbo la California lilikwisha kutunga sheria mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, baada ya Jackie Coogan, aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921, kukuta mama yake na baba yake wa kambo wametumia karibu kila alichokichuma.

Hapa ndipo ninapomwona Shirley kuwa mkubwa kuliko katika filamu zake zote. Coogan alikwenda mahakamani. Alikuwa na haki, na kesi yake iliwasaidia watoto wengi. Shirley hakumshtaki baba yake. Aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake mwaka 1988, wazazi wake wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki, na aliyaeleza pasipo chuki. Alisema kweli, lakini hakuwavua nguo wazazi wake walipokuwa hai. Amri ya nne ya Mungu haituambii tuite wizi kwa jina jingine. Inatutaka tusiwaangamize waliotuzaa hata walipotukosea. Ni njia nyembamba, na wapo miongoni mwenu mnaoipita kila siku.

Kuanza upya kama mwanafunzi

Mwaka 1967 Shirley aligombea ubunge wa Marekani huko California, akashindwa katika kura za chama chake. Mtu aliyezoea kupigiwa makofi tangu umri wa miaka 5 angeweza kurudi nyumbani na kununa. Yeye aliendelea na kazi aliyokuwa ameianza kwa sababu ya kaka yake, aliyeugua ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo. Alishiriki kuanzisha shirikisho la kimataifa la vyama vinavyopambana na ugonjwa huo, na kwa shughuli hiyo alikwenda Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, mwezi Agosti 1968.

Nchi hiyo ilikuwa chini ya Alexander Dubček, kiongozi aliyejaribu kulegeza minyororo ya utawala wa kikomunisti. Shirley alitazamia kuonana naye. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Agosti, vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia nchini. Mkutano haukufanyika. Shirley alishuhudia kutoka hotelini kwake jinsi mwanamke mmoja alivyopigwa risasi, kisha akaondoka nchini katika msafara wa magari ya wageni. Mwaka uliofuata, 1969, Rais Nixon alimteua kuwa mmoja wa wajumbe wa Marekani katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alikuwemo pia katika ujumbe wa nchi yake kwenye mkutano wa mazingira wa Stockholm mwaka 1972, mkutano uliozaa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu jijini Nairobi.

Mwaka huo huo wa 1972 alipatikana na saratani ya titi, akaondolewa titi. Siku zile ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'onezana, kana kwamba ni aibu. Yeye aliutangaza hadharani angali hospitalini, ili wanawake wengine wasiogope kwenda kupimwa. Akina mama wa WAWATA mnaonisoma, mnajua ni wangapi tumewazika kwa sababu ya kunyamaza. Umaarufu aliovikwa utotoni bila kuulizwa, safari hii aliutumia kwa hiari yake kuokoa maisha ya wengine. Hapo kipaji kilikuwa kimemrudia mwenyewe.

Accra na Prague

Rais Ford alimteua kuwa balozi nchini Ghana, alikohudumu kuanzia Desemba 1974 hadi Julai 1976. Wengi walicheka: je, mtoto wa sinema atawaambia nini Waafrika? Ghana ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Acheampong, na uhusiano wake na Marekani haukuwa rahisi. Mwanamke ambaye sura yake ya utotoni ilitumiwa kupamba hadithi za utumwa alikuja sasa kukaa katika pwani ile ile ambako watumwa walipakiwa melini. Alikuja kujifunza. Hakujifungia ofisini, alipenda kukutana na watu, hasa akina mama wa sokoni, ambao nchini Ghana ndio wenye biashara mikononi mwao. Aliporudi kwao mwaka 1976 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Mkuu wa Itifaki wa Marekani, kazi aliyoifanya hadi Januari 1977. Katika miaka ya 1980 alishiriki kuwafundisha mabalozi wapya. Cheo ni dhamana, na waliocheka walikuja kukiri kwamba aliisoma kazi yake.

Mwezi Agosti 1989 Rais George Bush, yule mzee, alimpeleka Prague. Miaka 21 kamili ilikuwa imepita tangu vifaru. Vifupisho vya jina lake, Shirley Temple Black, vilikuwa sawa na vifupisho vya polisi wa siri wa nchi ile, StB. Yeye mwenyewe alifanya utani juu ya jambo hilo. Hakuna aliyejua kwamba mwisho ulikuwa karibu.

Tarehe 12 Novemba 1989 huko Roma, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Agnes wa Bohemia kuwa mtakatifu. Alikuwa binti mfalme wa karne ya 13 aliyeacha ufahari akaishi maisha ya ufukara ya Mtakatifu Klara. Maelfu ya mahujaji kutoka Chekoslovakia waliruhusiwa kwenda. Siku 5 baadaye, tarehe 17 Novemba, wanafunzi waliandamana mjini Prague, polisi wakawapiga. Ndipo wananchi wakajaa mitaani. Kardinali František Tomášek, mzee wa miaka 90 aliyeteseka kwa miaka mingi chini ya utawala ule, alitangaza kwamba Kanisa liko upande wa watu. Hawakushika silaha, ndiyo maana tukio hilo linaitwa Mapinduzi ya Mahameli. Tarehe 28 Desemba Dubček, yule ambaye Shirley hakuwahi kuonana naye mwaka 1968, alichaguliwa kuwa spika wa bunge. Kesho yake mwandishi Václav Havel, aliyekuwa amefungwa gerezani mapema mwaka ule ule, akawa rais, na wimbo wa Te Deum ukasikika katika kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Mwezi Aprili 1990 Papa Yohane Paulo II mwenyewe aliikanyaga ardhi hiyo.

Balozi Shirley hakuyaleta mapinduzi hayo. Waliyaleta Wacheki na Waslovakia kwa uvumilivu na sala zao. Lakini alijaliwa kuwepo, kama shahidi aliyeona kaburi likifungwa na akarudi kuliona liko wazi. Alihudumu huko hadi Julai 1992.

Nazareti yetu iko wapi?

Wapendwa, Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yesu akiwa na miaka 12 aliwashangaza walimu hekaluni. Mtoto wa ajabu kweli kweli! Maria na Yosefu wangeweza kumwacha pale Yerusalemu awe kivutio cha mahujaji. Hawakufanya hivyo. Walimrudisha Nazareti, akawatii, akakua katika hekima na kimo, hata alipokuwa na umri wa kama miaka 30. Miaka hiyo 18 Injili haisemi karibu lolote juu yake. Familia Takatifu ilimlinda kwa ukimya.

Shirley hakupewa Nazareti. Ilimbidi aitafute mwenyewe akiwa mtu mzima, katika malezi ya watoto wake watatu, katika ugonjwa wa kaka yake, katika kushindwa uchaguzi. Neema ya Mungu inaweza kuponya utoto ulioporwa, lakini hiyo si ruhusa ya kuupora. Waigizaji wengine wengi wa utotoni hawakupona. Walimezwa na ulevi na upweke.

Leo hatuhitaji Hollywood ili kumfanya mtoto bidhaa. Simu ya mkononi inatosha. Mtoto anayeimba vizuri katika kwaya ya parokia anarekodiwa, picha zinasambazwa, sadaka na zawadi zinaingia, naye anakosa vipindi shuleni kwa sababu kuna tamasha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; na mtoto akisifiwa kupita kiasi, mara nyingi ni sisi wakubwa tunaotia maji. Natoa agizo dogo kwa walezi: fedha yoyote inayotokana na kazi ya mtoto iandikwe, na ijulikane imekwenda kwa manufaa gani yake, mtoto asitolewe shuleni kwa ajili ya jukwaa, wala asivishwe au kuchezeshwa namna ambayo tungeona haya kumwonyesha mbele ya Ekaristi.

Kwa ajili ya Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili, tujadiliane: Je, mtoto wangu ana saa ngapi kwa siku za kuwa mtoto tu? Je, ninampenda yeye, au ninapenda anavyonipa sifa? Na kwetu sisi tuliokosewa na wazazi: je, naweza kusema kweli bila kulipiza kisasi?

Maria na Yosefu, walinzi wa utoto wa Mkombozi, watuombee. Nawatakia Dominika njema na juma lenye baraka.